Mlinzi wa Kijani

Mjukuu wangu, nitegulie hili: ninaye mlinzi, halali wala hapigi kelele, tumbo lake nusu ni upepo, na mwenye njaa akimgusa nyumba nzima huingia msiba. Umeshindwa? Basi nipe mji. Taipei sitaki, una mvua nyingi. Nipe Hsinchu nikutegulie.

Ni pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile ambayo mafundi wa Taiwan huiweka juu ya mitambo ya kompyuta ili itulie. Sharti iwe ya kijani, maana taa ya kijani ndiyo uzima wa mtambo. Tarehe yake isipite. Na mtu asiile.

Pei-shan aliila.

Aliila siku ya kimbunga, watu wote wamebaki majumbani, yeye, fundi kijana, peke yake kwenye chumba cha majaribio cha kampuni akichunga swichi, yale masanduku bapa yenye matundu ya nyaya yanayogawa mtandao ndani ya jengo. Humo ilikuwa ikijaribiwa programu mpya iliyoandikwa na Mzee Kuo, fundi mkongwe wa kampuni. Ilikuwa dawa ya ugonjwa mmoja tu: swichi za hospitali fulani ya kusini zilikuwa zikiganda ghafla, na zikiganda daktari haoni picha ya kifua wala majibu ya damu mpaka mtu akimbie kuziwasha upya. Hospitali ilikuwa inaisubiri kwa hamu.

Njaa ikamkaba binti wa watu. Maduka yamefungwa, wali aliokuja nao umekwisha. Akapanda kiti, akajinyoosha juu ya kabati la mitambo, akamshusha mlinzi. Alipokuwa akishuka, kiwiko kikachomoa waya. Akauchomeka haraka, mdomo umejaa, na akauchomeka tundu lisilo lake: waya ukawa umetoka swichi ile na kurudi swichi ile ile. Kinga ya kosa la namna hiyo ilikuwa imezimwa kwa ajili ya majaribio. Ujumbe ukazunguka, ukajizaa, ukazunguka tena, mpaka swichi zote zikazidiwa, na taa za kijani zikageuka njano moja baada ya nyingine.

Aliurudisha waya mahali pake, lakini kompyuta ilikwisha kuandika kwamba swichi zimeganda. Akaijaza pakiti karatasi laini, akaibandika kwa gundi ya utepe, akairudisha juu. Akashuka akijiona mwizi.

Asubuhi yake Mkuu Peng, bosi wao, aliingia na wafanyakazi wengine. Huyo ndiye aliyeiheshimu pakiti ile kuliko wote. Hata mfagiaji hakuruhusiwa kuipangusa vumbi. Kabla hajatazama kompyuta alitazama juu ya kabati.

"Mlinzi yupo," alisema. "Tarehe haijapita, na tumbo limejaa. Basi mwenye kosa ni programu."

"Mkuu, programu hiyo nimeilea kama mjukuu," alisema Mzee Kuo. "Haina homa."

"Homa imeonekana jana, mzee."

"Labda mlinzi alisinzia."

Watu wakacheka. Mkuu Peng hakucheka.

"Marekebisho yako yanaondolewa. Hospitali itangoja toleo lijalo. Na wewe utahamia kule wanakoandika miongozo, ukapumzike."

Kicheko kikakatika. Toleo lijalo lilikuwa la mwaka ujao.

Mzee Kuo akamgeukia Pei-shan. "Binti yangu, wewe ndiye uliyekuwepo. Hukuona chochote?"

Kukosea tundu la waya si aibu kubwa, nani hajawahi? Lakini wangemuuliza, ulikuwa unatafuta nini huko juu? Hapo ndipo ulimi wake ulipogoma.

"Sikuona kitu, mzee."

Mzee Kuo akaitikia kwa kichwa. Alimwamini kabisa, na hilo ndilo lililomchoma. Kisha akatoa mfukoni andazi la mvuke lenye nyama, bado la moto.

"Nilijua jana utashinda na njaa. Kula, mwanangu, umekonda kama waya wenyewe."

Pei-shan alilishika andazi lile, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Mkuu, irudishe programu ya mzee," alisema. "Haina kosa. Nilikosea tundu la waya mimi, nikishuka na mlinzi. Nilimla. Huyo mnayemwona juu amejaa karatasi."

Wote wakainua macho juu ya kabati. Yeye akatamani sakafu ifunguke impokee.

"Ulimla!" Mkuu Peng alifoka. "Mtu mwenye shahada yake! Kitu kinachotulinda sote! Huna haya?"

"Ninayo, Mkuu. Tangu jana sina kingine."

Mkuu Peng akahema. Akaamuru majaribio yaanze upya na programu ya Mzee Kuo ibaki. "Ikipita, inakwenda hospitali wiki hii," alisema, bila kumtazama mtu.

Mzee Kuo, roho imemtulia, akashindwa kujizuia. "Haya, tuambie basi. Angalau alikuwa mtamu? Wa kijani ni wa nazi, mimi nazi naipenda."

"Hakuwa wa nazi, mzee. Alikuwa wa binzari."

"Wa binzari?" Mzee Kuo alikunja uso. "Vya binzari vinauzwa kwenye pakiti ya njano, na ya njano hapa haivuki mlango." Akapanda kiti, akaishusha pakiti, akaigeuza. Chini ya utepe wa Pei-shan kulikuwa na utepe mwingine, mkuukuu, ulioshika vumbi.

"Kumbe tumelindwa na binzari siku zote hizi!" alisema. "Sasa vile vya nazi alikula nani?"

Wakatazamana, kila mtu akimkagua mwenzake. Mkuu Peng alikuwa amegeukia ukuta, na shingo yake imeiva mpaka masikioni.

"Mimi," alisema. "Na wala sikuwa na njaa."