Wimbo wa Jabez

Enid Thurkettle alipanda ngazi na kikombe cha chai ya moto, akashuka nacho kikiwa bado kimejaa, kimepoa. Akaimwaga chai kwenye karo. Alhamisi hiyo kilikuwa kikombe cha tatu.

Mlango ukagongwa. Cyril Noy, rafiki wa mumewe tangu ujana, aliingia akijipangusa theluji.

“Shemeji, mbona dirisha la juu liko wazi na baridi yote hii? Unataka kumgandisha mgonjwa?”

“Jabez hapendi joto chumbani.”

“Na homa?”

“Imeshuka.”

“Afadhali!” Cyril akavuta kiti bila kukaribishwa. “Sasa sikia. Yule bwana wa redio kafika kutoka London. Mashine yake ya kunasa sauti iko mezani kule kilabuni, na treni yake ni saa kumi. Anautaka wimbo wa mlinzi wa daraja, nchi nzima iusikie.”

Watu wa mkoa wote wa Suffolk waliijua tuni yake, hata watoto waliipiga mbinja. Lakini beti zote kumi na tisa zilikuwa zimebaki kijijini kwao tu, na pale kilabuni kila mwanamume alikuwa na wimbo wake. Mwenye wimbo akiwa hai, mwingine hafungui kinywa kuuimba, hata awe amelewa chakari. Huu ulikuwa wa Jabez. Aliurithi siku waliyomzika baba yake, na kila Jumamosi kwa miaka thelathini wenzake waliusikiliza hadi wakaushika neno kwa neno.

“Mumeo mbishi kama punda,” Cyril alisema. “Mwaka jana nilimwomba ubeti mmoja tu, akanijibu, ‘Subiri nife.’ Hebu kamwombe wewe. Aniruhusu leo tu, wimbo usije ukapotea.”

Enid akapanda. Alilinyoosha blanketi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na huzuni, hakuwa na hasira. Ndani mwake hamkuwa na kitu, na mikono yake aliiona kama ya mtu mwingine. Kisha akashuka.

“Kasemaje?”

“Hajasema kitu.”

“Kaninunia huyo!” Cyril akacheka, akainuka. “Nipishe nikampigie magoti mwenyewe. Mimi hanishindi.”

Enid akasimama kwenye ngazi ya kwanza, akaziba njia. Cyril akaacha kucheka. Enid hakukumbuka mara ya mwisho alipolala. Wiki nzima alikuwa akiogopa kitu kimoja tu: kuusikia wimbo ule kinywani mwa mtu mwingine.

“Shemeji, saa tisa na nusu hiyo. Yule bwana ataondoka mikono mitupu.”

Enid aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Cyril.

“Nenda kaimbe,” alisema. “Ruhusa unayo tangu Jumatatu.”