Nywele za Miezi Minane

Mlango wa saluni ulifunguliwa kwa teke. Mwanamume aliyeshusha barakoa chini ya kidevu aliingia akimburuta binti wa miaka kumi na mmoja, akamwinua mzimamzima na kumbwaga kwenye kiti.

"Mnyoe. Zote."

Usumani, kinyozi wa mtaa wa Muhima kwa miaka ishirini, alizima redio. Tangu asubuhi haikuwa na habari nyingine: shule zinafunguliwa Jumatatu. Wateja wake walikuwa wamebishana mpaka wakachoka, hawa wakisema watoto warudi darasani kabla hawajasahau hata kuandika, wale wakisema huko ni kwenda kugawiana corona. Lakini vichwa vilikuwa vinakuja. Mwanafunzi haingii darasani na nywele, awe wa kiume au wa kike, na za huyu zilikuwa hazijaguswa miezi minane, tangu shule zifungwe. Zilisimama nene kama kichaka.

"Taratibu, bwana. Mtoto si gunia."

"Mimi ni baba yake, naitwa Mutsinzi. Nyoa. Nakuomba."

Lile "nakuomba" lilipita katikati ya meno kama tusi.

Usumani alimfunga binti kitambaa shingoni. "Jina lako nani, mama?"

"Kaze."

"Unataka kurudi shule, Kaze?"

"Sana."

Mashine ikapita mara moja, kutoka paji la uso hadi utosini. Njia safi ikafunguka.

Mara, huko barazani, visigino vikagonga simenti. Ko, ko, ko. Kaze akaingiza kichwa mabegani kama kobe. Masikini, alifikiri Usumani, anajua baba yake atawasha moto.

Mukunde, mama yake Kaze, aliingia amevaa kitenge cha kanisani na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Mtaa mzima ulimjua. Miezi minane hakumruhusu binti yake kuvuka geti, hata kwenda kuchota maji, na majirani walimsifu: mama anayejua kulinda ndiye yule.

"Mzee Usumani, zima hiyo mashine! Huyu amefika jana na lori lake kutoka Rusumo. Mpakani! Hata kupimwa hajapimwa. Ameshatuletea corona nyumbani, sasa anataka mtoto akafie darasani!"

Neno Rusumo liliwainua wateja kwenye benchi. Siku zile dereva wa lori aliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Usumani naye akapandisha barakoa yake hadi puani. Dada yake alizikwa Agosti na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, naye akitazama kwa mbali kama mpita njia.

"Mama Kaze anasema kweli," alisema, akaiweka mashine chini. "Shule itangoja. Roho haingoji."

"Nyoa!" Mutsinzi akamkaba shati.

Keith, dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja zamu yake, alimrukia kwa nyuma. Kioo kikapasuka. Mutsinzi alimtupa Keith juu ya vipande, akamgeukia tena kinyozi, na hapo Mukunde akavua kiatu, akakishika kama nyundo, akampiga mumewe kwa kisigino kwenye paji la uso. Pigo moja tu, halikusita, halikukosea. Ngozi ikafunguka: mkato mdogo uliopinda kama mwezi mwandamo. Damu ikafuata.

"Huyo ndiye mama, sha!" mtu akashangilia.

Usumani akaendeleza kipigo. Ngumi ya kwanza ikatua mdomoni. Ya pili. Ya tatu. Jino likampasua kidole naye hakulisikia. Walimlaza Mutsinzi kifudifudi, mmoja akamkandamiza kwa goti mgongoni, wakamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia taulo. Damu ilimtoka mapovu, lakini bado alipiga kelele akiwa ameelekeza uso sakafuni: "Mnyoe! Mnyoeni kwanza!"

"Huyu si wa polisi," alisema Keith akichomoa kipande cha kioo kwenye kiwiko. "Huyu mpelekeni Ndera, kwa wagonjwa wa akili."

Watu wakacheka. Vijana wawili wa kujitolea, wenye vizibao vya kusimamia usafi, wakamvuta Mutsinzi nje kwa miguu.

Mukunde alivaa kiatu chake. "Mungu akulipe, mzee wangu. Kaze, shuka, twende nyumbani."

Kaze hakushuka.

"Kaze."

"Mzee," binti alisema, akimtazama Usumani kupitia kipande cha kioo kilichobaki ukutani, "si umeshaanza?"

"Kweli, Mama Kaze," Keith akadakia, "utamtembezaje na barabara ya lami kichwani?"

"Oya, hapana! Nitamalizia mwenyewe nyumbani."

"Dakika mbili tu," Usumani alisema. Mikono yake ilikuwa na damu ya baba wa watu, na alitaka ifanye walau jambo moja jema kabla siku haijaisha. Akakiinamisha kichwa cha binti na kuanzia kisogoni.

Nywele zikaanguka mafungu mafungu. Chini yake palikuwa na mwezi mwandamo mdogo, mweupe, wa zamani. Juu ya sikio palikuwa na wa pili. Mashine ikapanda. Wa tatu, wa nne, na wa tano, ambao kigaga chake kilikuwa bado kibichi.

Nyuma yake visigino vikaanza kugonga simenti, ko, ko, ko, kuelekea mlangoni.