Kiti Mbele ya Shangazi

Askari wa zamu aliniwekea karatasi mezani: kijana kachomwa kisu na wezi, amefariki, nyumbani hawajaambiwa. Kazi yangu hapa kituoni ni kumpanga mtu wa kujitolea afuatane na askari kupeleka habari kama hizo.

Nikasoma jina la mama wa marehemu. Nikainua macho.

Alikuwa dirishani, mtu wetu wa kujitolea wa zamu ya leo, Shangazi wa wote, akipanga mkoba wake: maji, leso, chaja ya simu. Ndiye aliyetufundisha kwamba habari ya msiba haitolewi mkiwa mmesimama. Unavuta kiti, unakaa, magoti yenu yanakaribiana, ndipo unasema.

"Leo tunakwenda kwa nani, mwanangu?" akauliza, akihangaika na zipu ya mkoba. "Unielekeze vizuri, nisije nikapotea tena kama juzi."

Nikavuta kiti, nikakiweka mbele yake, nikakaa.

Shangazi akakitazama kile kiti. Akayatazama magoti yangu. Mkono wake ukaganda kwenye zipu.

"Ni yule mkubwa," akauliza, "au mdogo?"