Hodi Iliyofutwa

Siku hizi albamu ya zamani ikisafishwa na kutolewa upya, nakala zake za awali hujifuta zenyewe katika kila nyumba. Watu hawalalamiki. Nani anataka mikwaruzo?

Wiki hii ilikuwa zamu ya "Kichuguu", albamu ya roki iliyosimulia, wimbo baada ya wimbo, habari za mchwa waliojenga mnara mpaka mwezini. Bi Mwantumu wa Morogoro alikaa kochini kuisikiliza na mjukuu wake, Sikudhani. Aliyepiga kinanda alikuwa marehemu mumewe, Kibwana.

Kinanda kililia kana kwamba kimenunuliwa jana. Bi Mwantumu akatabasamu, akausubiri wimbo wa nne. Enzi hizo alikuwa mpishi mpya wa bendi. Siku moja alifika studio na sinia la chai, akapiga hodi bila kujua kwamba wanarekodi. Kibwana akamwitikia huku vidole vikiendelea kupiga. Wenzake wakacheka, wakayaacha maneno ya wawili hao humo humo wimboni. Ndivyo walivyojuana.

Wimbo wa nne ukafika. Hodi haikusikika; mtambo wa kusafishia uliihesabu kuwa kelele. Lakini sauti ya Kibwana, kwa kuwa ni ya mwanabendi, ilibakizwa, tena safi, kama yumo chumba cha pili.

"Karibu!"

Sikudhani akageuka kuutazama mlango. "Bibi, babu anamkaribisha nani?"

Bi Mwantumu aliinamia spika, akasema taratibu, kama anayemtuliza mtu mwenye haraka:

"Bado, mume wangu. Sijapiga hodi."