Dole Gumba Mezani

Alama ilikuwepo tena. Palepale, upande wa dirishani, karibu na ukingo wa meza: shimo dogo la dole gumba, mistari ya ngozi ikionekana wazi kama muhuri.

Fundi alivua glavu akazibwaga sakafuni.

"Mara ya pili hii!" alimwambia mumewe. "Njoo uone. Au na leo utasema ni paka?"

Mumewe aliinama, akatazama. "Paka hana dole gumba."

"Basi humu ndani tuko watatu. Mimi siyo. Wewe ulikuwa kazini."

Mume alikohoa. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mke wangu."

"Lakini kinavunja meza!"

Jina la Fundi alipewa na mama mkwe wake kwa utani, siku aliponunua msasa wa kwanza baada ya kiwanda cha nguo kumwachisha kazi. Likamganda kabla resini yenyewe, ile gundi ya maji inayomwagwa juu ya ubao ikawa kama kioo, haijaganda. Sasa, kwa mara ya kwanza, mtu wa nje alikuwa ameutaka ufundi wake. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alihitaji meza sita za chumba cha walimu, lakini angekuja Jumamosi kwanza aione hii ya nyumbani.

"Nataka uso kama kioo," alikuwa amesema. "Nikikuta doa, usinilaumu nikienda kwa mwingine."

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Fundi alikuwa amejifunza kwa kuumia. Resini ya kwanza aliichagua kwa haraka, ile ya kuganda upesi inayofaa vitu vidogo. Ilitoa moshi ndani ya kopo, ikawa njano, ikapasuka kabla hajaweka chini kijiti cha kukorogea. Ndipo akanunua ile ya polepole, ya kumwaga juu ya meza. Vipimo viwili vya resini, kimoja cha kigandishi. Koroga taratibu dakika kumi, kwangua pembeni, sawazisha meza kwa pimamaji, pitisha moto mdogo kuondoa mapovu, kisha funika kwa nailoni iliyoinuliwa juu ya matofali, vumbi lisiingie. Yote hayo aliyafanya. Dole gumba likaja chini ya nailoni.

Kila mara kabla ya kumwaga alisali. Siku hizi sala ilianza na "Mungu, bariki kazi ya mikono yangu," ikaishia na "na unizuie mdomo mbele ya mama mkwe."

Maana bibi huyo hakuwahi kuitaka kazi hii. Pale mahali pake mezani, upande wa dirishani, palikuwa na kovu refu kwenye ubao tangu siku panga lilipomponyoka marehemu mumewe.

"Hilo liache, Fundi," alisema. "Ndipo ninapowekea kikombe changu."

Fundi aliliziba likawa sawasawa na ubao. Tangu hapo mama alimwaga chai mara mbili, wala hakuitazama ilikokuwa ikitiririkia. Kiti chake kiliposogezwa hatua moja tu kupisha kazi, aligomba kana kwamba kuta za nyumba zimebomolewa. Na resini ilipomwagwa, angavu, bila rangi, kama maji ya chemchemi, alisema kwa upole, "Rangi umeichagua vizuri, mwanangu."

Rangi! Fundi aliimeza dharau hiyo pamoja na mate.

Alhamisi nzima alipiga msasa mpaka mabega yakawaka. Resini iliyobaki ilitosha mara moja tu. Ijumaa asubuhi akaimwaga. Mama mkwe, kutoka kitini mwake, akauliza, "Imeganda?"

"Bado, mama. Mchana inakuwa nzito kama jeli. Kesho ndiyo inakuwa jiwe."

"Mchana," mama alirudia, akiitikia kwa kichwa.

Fundi alisimama na kopo mkononi. Swali hilohilo aliulizwa mara ya kwanza. Na mara ya pili. Naye, mjinga, akajibu zote mbili.

Jua lilipofika utosini alitangaza kwa sauti, "Mama, naenda uani kufua!" Akaubamiza mlango wa nyuma, kisha akavua ndala, akaufungua taratibu na kurudi ndani. Hakujificha. Aliketi kwenye kigoda hatua mbili kutoka mezani, mwanga wote wa dirisha ukimpiga usoni. Alitaka waonane ana kwa ana, na maneno aliyokuwa ameyazuia kwa sala za mwezi mzima yalikuwa yamejipanga ulimini.

Mama mkwe aliingia akiimba wimbo wa sala kwa sauti ya chini, kiganja kikipapasa ukuta. Akafika mezani. Akainua nailoni kwa uangalifu, vidole vikatembea kwenye ukingo, polepole, mpaka upande wa dirishani, palepale kovu lilipokuwa. Hapo akasimama na kuinua uso. Macho yake, wazi kabisa, yakatua juu ya uso wa Fundi.

Fundi akafungua mdomo.

Mama akakandamiza dole gumba ndani ya resini, akaliacha hapo kwa muda, akalitoa. Kisha, macho yakiwa bado palepale usoni pa Fundi, akapaza sauti:

"Fundi! Bado uko huko uani?"

Fundi alifumba mdomo. Akainuka bila kukigusa kigoda, akanyata pekupeku kando ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, na huko ndiko alikoitikia.

"Niko huku, mama! Meza nimeshaimaliza. Siigusi tena."