Viungo vya Bi Mwanahawa

Simu ililia. Bi Mwanahawa akajifuta mafuta ya nazi mikononi. Kitanda cha kukandia wagonjwa kilikuwa kitupu tangu asubuhi.

"Nataka iliki na mdalasini," sauti ilisema.

"Mwanangu, mimi nakanda viungo vya mwili. Magoti, mabega."

"Mbona mtandaoni wanasema una viungo vitamu!" Simu ikakatika.

Alimgeukia Shaweji, aliyemtengenezea tovuti. "Si ulisema tovuti nyingine zikinitaja nitapanda juu watu wakitafuta mtandaoni?"

"Umepanda, mama. Ila niliomba watu wa viungo wakutaje, na waliokubali wote ni wapishi wa pilau."

"Waambie wafute. Bila wagonjwa nitakirudisha chumba hiki kwa mwenye nyumba, kodi sina."

"Nimewaandikia. Hawajibu."

Simu ikalia tena. Bi Mwanahawa aliitazama, akachovya vidole kwenye mafuta, akaanza kukanda goti lake mwenyewe.