Mheshimiwa, Wanao Wako Wapi?

Siku ya tatu mlima ulikuwa bado unatoa moshi, na mawe yalikuwa ya moto hata Pimbi akawabeba wanawe wawili mgongoni. Ngedere, msemaji wa wanyama, akaitisha mkutano palepale mteremkoni.

"Ndugu zangu, tulieni. Mlima unacheua tu. Atakayehama ni mchochezi!"

Nyumbu, ambao hupigia makofi lolote, wakapiga makofi.

Pimbi akasimama. "Mheshimiwa, swali dogo. Wanao wako wapi?"

"Wameenda kumsalimia bibi yao."

"Wote saba?"

"Wote."

"Bibi yao si tunaishi naye hapahapa?"

Ngedere akakohoa. "Naye kaenda nao."

"Kwenda kujisalimia?"

Nyumbu mmoja akaangua kicheko, kisha kikamkatika kooni. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Pimbi hakungoja jibu; alishika njia ya mtoni, wanawe wamemng'ang'ania, na kundi zima likamfuata mbio. Mlima ukapasuka nyuma yao, uji wa moto ukaufunika uwanja wa mkutano.

Ng'ambo ya mto walimkuta Ngedere keshafika, keshapanda juu ya kichuguu, anawashukuru kwa kutii agizo lake la kuhama.